Mboga Nilizokulazimisha Kula

Mama yangu uliyelala Msanzi,

 Leo mchana wafamasia walituita manesi wote kutufundisha habari za dawa na chakula, vidonge gani visimezwe kwa chai, vipi visikaribiane na maziwa. Nikwambie kweli, nilikuwa nasinzia. Kisha mfamasia mmoja, kijana ambaye hata ndevu hazijakaa sawa, akainua kidonge nilichokitambua kabla hajakitaja. Kilikuwa kile chako, cha kuzuia damu isigande.

"Anayetumia hiki asizidishe ghafla mboga za majani," akasema. "Akizidisha, dawa inapungua nguvu, damu inaganda."

Mama, usingizi wote ukaniruka.

Unakumbuka ulivyokuja kwangu Sumbawanga masika yale? Kwako ulizoea ugali wa ulezi na maharage, na dawa ilikukubali. Mimi nikakuona umekonda. Nikaanza: kisamvu mchana, majani ya maboga jioni, kila siku ya Mungu. Mboga huongeza damu, ndivyo tunavyowaambia wagonjwa wote. Ukalalamika, "Mwanangu, kwani mimi mbuzi?" Nikakujibu kwa ukali, "Mama, nani nesi hapa?" Ukacheka, ukamaliza sahani. Wiki ya tatu kiharusi kikakuchukua.

Nilimfuata yule kijana mlangoni, nikamweleza yote. Akaniambia, "Sista, huenda ni mboga, huenda siyo. Sasa hivi hakuna anayeweza kujua." Nilitaka anigombeze. Upole wake umeniuma zaidi.

Najichukia, Mama, na hasira nyingine ni juu yako. Kwa nini ulinitii? Ungesusa tu, kama ulivyokuwa ukimsusia baba! Miaka yote hii nimekulilia nikisema ni kazi ya Mungu, kumbe huenda mkono wangu ulikuwemo.

Nilirudi wodini, sijui hata nilipitia wapi. Kuna bibi kutoka Muze anayetumia kidonge kilekile. Wiki nzima nimempa kwa saa ileile, bila kukosea. Nikakaa kando ya kitanda chake, nikamwuliza, "Bibi, nyumbani huwa unakula nini?"

Akanishangaa. "Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, mwanangu."

Nawe sikukuuliza, Mama. Nilikupakulia tu.

Nisamehe.

Binti yako