Pikipiki ya Ouma Imeacha Kuvuja

Kawangware, Jumamosi, mwezi wa nane, 1996

Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ile ya Agosti inayoingia hadi kwenye mifupa. Sikwenda soko la Toi kuuza nguo. Sina moyo wa kumbembeleza mtu anunue sweta.

Pikipiki imeacha kuvuja. Ningekuwa na akili ningeiacha ivuje.

Marehemu mume wangu, Ouma, aliinunua ikiwa kuukuu, ya Kiingereza, imetuzidi umri sote wawili. Akaifufua kwenye kibanda chake cha ufundi hapa Kawangware, mimi nikimshikia tochi na kumpa spana. Alipofariki mwaka jana, wazee wa kwao waliketi baada ya matanga wakagawa vitu vyake, kama ilivyo desturi yetu Wajaluo. Pikipiki ikamwangukia mdogo wake, Odhiambo, anayekaa Sarang'ombe. Akaja kuichukua, akaona dimbwi jeusi chini ya injini, akacheka. Alisema hana haja na kitu kinachokojoa hivyo, nibaki nacho.

Nilimshukuru Mungu kwa kila tone.

Shida ni kwamba wiki hii mvua iliyasomba mafuta hadi kwenye bomba la maji, tunapofulia, na shuka la jirani likaharibika. Mama Njeri, mwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga, hana maneno mengi. Alisimama mlangoni pangu akasema, "Mama Akinyi, hiyo mafuta iishe wiki hii, ama hiyo pikipiki itoke kwa ploti yangu." Sikumlaumu. Ploti ni yao tangu enzi za babake, na shuka ni shuka.

Nilianza na ujinga wetu wa kila siku, sabuni ya kipande. Niliikanda nikaziba pale bomba jembamba la mafuta linapoingia kwenye kichwa cha injini. Sabuni huziba tangi la petroli vizuri, kila mtu anajua. Injini ilipopata moto, sabuni ikayeyuka, nikabaki na uji mweusi. Jirani akanishauri nikaze bolti inayobana bomba hilo kwa nguvu zangu zote. Hapo nilimsikia Ouma kabisa akinigombeza, kwamba ukikaza sana utakula nyuzi za bolti, na spea yake haipatikani Nairobi nzima.

Basi jana nilifungua, nikatoa zile washa mbili, pete za shaba zinazobanwa na bolti. Zilikuwa zimekakamaa kwa miaka. Nikaziweka kwenye jiko la makaa, kando ya sufuria ya sukuma wiki, mpaka zikawa nyekundu, kisha nikazitumbukiza majini. Shaba ikifanyiwa hivyo hulainika, inakubali kukaa. Ouma alikuwa akifanya hivyo, nami nikimnunia kwa kuniharibia jiko. Leo asubuhi nikapiga kiki, injini ikanguruma. Nikapitisha kidole chini ya bolti.

Kikatoka kikavu. Nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Odhiambo ni Msabato, na Jumamosi akitoka kanisani Riruta hupita kutujulia hali, mimi na Akinyi. Mchana nilikuwa nimeiwasha tena nihakikishe, naye akaisikia injini akiwa bado barabarani. Akainama, akapapasa chini, akatazama mkono wake. Hakuwa na ubaya wowote usoni, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

"Shemeji, umeiponya kweli," akasema. "Sasa wacha niende nayo. Si wazee walisema?"

Walisema. Nikasogea apite.

Alikuwa ameshafika langoni nilipokumbuka kwamba washa zikishapata moto mara ya kwanza hulegea. Bolti isipokazwa tena kidogo, mafuta yatamwagika yote njiani na injini ife. Ikimfia, atanirudishia. Nililiwaza hilo, sitajidanganya hapa. Nililiwaza nikimtazama anavyoisukuma kwenye matope.

Halafu nikaingia ndani, nikachukua spana ya Ouma, nikamkimbilia. Nikamwonyesha bolti yenyewe.

"Ikipoa ndio ukaze," nikamwambia. "Na pole pole, usionyeshe uanaume."

Akacheka, akanishukuru, akatia spana mfukoni. Akaenda nayo pia.

Mama Njeri amepita jioni kunipongeza kwamba ua ni msafi. Nimemwitikia tu. Leo nimemzika Ouma mara ya pili, na mara hii kwa mikono yangu mwenyewe. Kesho itanibidi niamke niende sokoni. Sijui nitaamkaje.