Lozi ya Zawadi

Maiken, acha unachofanya usome hii.

Nimetoka kwa mama yake Jeppe wangu sasa hivi. Krismasi yangu ya kwanza ukweni, na mara ya kwanza kujisemea bila mama yangu. Nilimpigia huyo mama mkwe, Birthe, tangu Jumatatu: lozi zinanifunga koo, hata chembe sili. Akasema, "Usijali, mwanangu, wali wa maziwa nitapika bila lozi."

Leo nikamuuliza tena mezani. "Sikutia kabisa," akaapa.

Nachota kijiko cha kwanza. Lozi. Nzima, nyeupe, inaniangalia.

Meza nzima ikapiga makofi. Makofi, Maiken.

Nikasema, "Birthe, si ulisema hakuna lozi?"

"Hiyo si ya kula," akanijibu, kashangaa kweli. "Hiyo ni ya mshindi: anayeikuta kwenye wali wake anapewa zawadi. Tusipoficha hata moja, Krismasi gani hiyo?"

Kijiko nikakiweka chini. Jeppe keshashika sindano yangu ya dharura kama mshumaa. Mimi mzima, sikuonja.

Halafu Birthe akaniletea zawadi: nguruwe mdogo wa kufinyangwa kwa lozi za kusaga na sukari, kafungwa utepe mwekundu.

"Chukua, mwanangu," akaninong'oneza. "Huyu hajagusa wali hata kidogo."