Sura ya Mzee Aliye Hai

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Pokea salamu za watu wako wote wa huku. Kila tukiketi kula tunakutaja, mpaka naamini huko uliko masikio yanakuwasha. Hujambo lakini? Shemeji mgongo umempoa? Na Kibonge, meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka kama babu?

Sisi tunashukuru. Mama amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia na anaona vizuri, tena vizuri kupita tulivyotaka, maana sasa anaona vumbi la juu ya kabati na humu ndani hatupumui. Mimi mwili mzima, ila usingizi umenihama. Ndiyo sababu nakuandikia kwa mkono wangu, mwandiko unaoujua, badala ya kupiga simu. Tafadhali soma peke yako kwanza kabla hujamsomea shemeji.

Kazi yangu unaijua, ingawa nasikia ukiulizwa unajibu tu kwamba mdogo wako anatengeneza midoli. Tunatengeneza sura za silikoni za kuvisha sanamu za mashine, zile zinazokaa kwenye kumbi za maonyesho zikapepesa macho na kusema karibuni. Wenzangu wa chumba cha pili wanaunda fuvu la plastiki lenye mota ndogo ndogo, mimi nalivisha ngozi. Namimina silikoni kwenye kalibu, nikiibandua naipaka rangi tabaka juu ya tabaka, mishipa, mabaka, wekundu wa pembe za macho, kisha nachomeka nyusi unywele mmoja mmoja kwa sindano. Ukimaliza uso wa mtu namna hiyo, unamjua kuliko mkewe.

Sasa, mwezi uliopita alikuja mteja. Mtu wa makamo, mpole, shati limenyooka pasi hadi kwenye pindo za mikono. Alisema baba yao amefariki na familia inataka sanamu yake ikae sebuleni, iwe ikigeuza kichwa na kutabasamu wajukuu wakiingia. Alileta picha na video tele. Bosi wetu, yule tunayemwita Kidevu kwa jinsi anavyokishika akifikiria, akampa pole, na kazi akanikabidhi mimi.

Mzee alikuwa na uso mtamu, dada. Kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto, chunjua pembeni mwa pua, na tabasamu la kupanda upande mmoja. Lakini maagizo ya mteja yalikuwa hayaeleweki. Alitaka ngozi nyembamba sana. Ndani iwe laini kabisa, nisiweke vile vishikizo vya kufungia nyaya za mota. Matundu ya macho yawe wazi, shingo ishuke mpaka kifuani. Nilipomwomba vipimo vya fuvu, akaniletea vipimo vya kichwa cha mtu.

Nikamwendea Kidevu. "Hii, mota haiwezi kuivuta. Haina pa kushika."

"Mteja ni mfalme," akanijibu. "Wewe chomeka nyusi."

Nikachomeka.

Jumatatu ya wiki iliyopita nikaomba ruhusa, nikampeleka mama kliniki ya macho akafunguliwe bandeji. Tumekaa kwenye benchi tukingoja kuitwa, akaja mzee mmoja na fimbo yake, akaketi mkabala nasi. Alipoinua uso, niliujua. Kovu, nyusi ya kushoto. Chunjua, pembeni mwa pua. Nilimkaba mama mkono bila kujua, akapiga kelele, "Wewe! Unanivunja!" Mzee akacheka, na tabasamu likapanda upande ule ule niliokuwa nimeukunja kwa vidole vyangu wiki nzima.

Kwanza nilidhani ni mzuka. Kisha nikajipa moyo kwamba huenda ni pacha. Mama unamjua, kwenye foleni hanyamazi.

"Umekuja peke yako, mzee mwenzangu? Watoto hawapo?"

"Wapo wawili, wa kiume," akasema. "Ila tangu nikatae kuuza nyumba, hawanijui."

Akaeleza kwamba wanawe walishapata mnunuzi, lakini afisa wa ardhi akawaambia hafanyi lolote mpaka mwenye nyumba afike mwenyewe, amwone kwa macho yake. "Nami siendi," akasema. "Mke wangu alifia mle ndani. Na mimi nitafia mle mle."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ngozi nyembamba, macho wazi, kipimo cha kichwa cha mtu. Ile sura haikuwa ya mashine. Kulikuwa na mtu wa kuivaa. Halafu likanijia wazo jingine: siku mtu akitembea na sura ya mzee huyu, mwenyewe hatakiwi kuonekana tena popote. Na mwanawe alishatuambia amekufa.

Nilimngoja atoke kwa daktari, nikamfuata mpaka getini, nikamwonyesha picha ya kazi yangu kwenye simu. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hii mlinipiga lini?"

"Hatukukupiga, baba. Hii ni silikoni."

Akaniuliza nani aliiagiza. Nikamwambia alivyo, shati na upole wake. Mzee akanirudishia simu. Kisha akasema, "Huyo ni mwanangu mkubwa. Nipeleke nikaione."

Nikampeleka asubuhi iliyofuata. Kidevu alipomwona anaingia mlangoni alisimama na kikombe chake, chai ikimwagika kwenye viatu asijue. Mzee akaisogelea ile sura juu ya kigingi chake, akaigusa shavu kwa mgongo wa kidole, kama unavyompima mtoto homa.

"Masharubu yangu si meusi hivi," akasema. Basi. Dada, nilitamani ardhi inimeze.

Kidevu akapiga simu polisi, wakasema wanakuja. Lakini kabla hawajafika, mteja akatangulia kuja kuchukua mzigo wake. Alimkuta baba yake ameketi kwenye stuli, na sura ya baba yake pembeni. Nilitegemea atashtuka, atakimbia. Hakushtuka.

"Shikamoo, baba."

"Mmesema nimekufa?" mzee akamuuliza.

Mteja aligeuka akanitazama mimi, akatabasamu, akatoa simu mfukoni. Akaielekeza usoni pangu. Akasogea kushoto, polepole, akarudi kulia, polepole, vile vile zilivyopigwa zile video za mzee alizotuletea. Kidevu akafoka, "Weka simu hiyo chini!" Yeye akamalizia kwanza upande wa sikio.

"Una uso mzuri, fundi," akaniambia. "Mwepesi kutengeneza."

Akatoka, anatembea tu, wala hakuharakisha.

Polisi walichukua ile sura kwenye mfuko. Jioni ile ile wakamkamata mwana mdogo wa mzee. Walipomvisha ilimkaa kama ngozi ya kuzaliwa nayo, naye akalia na kusema yote. Afisa wa ardhi ameshaarifiwa. Mzee anakaa kwa dada yake kwa sasa, na nyumba bado ni yake. Juzi amenipigia kunishukuru, akanitania kwamba nikizeeka atanitengeneza na mimi. Nilicheka naye, lakini nilipokata simu nikaenda kukagua komeo la mlango, kwa sababu yule mkubwa hawajampata hadi leo.

Kidevu ameivunja kalibu kwa nyundo mbele yetu wote, na ameapa hapokei tena sura ya mtu bila kumwona mwenyewe au ndugu zake wote. Lakini mafundi si sisi peke yetu, na wako wasiouliza. Picha zangu yule mkubwa anazo, mbele na pembeni. Nikiwa njiani sitazami tena nyuso za watu. Natazama shingo na mikono, pale silikoni inapoishia. Jana mwanamke alinisalimia dukani kwa furaha nami nikarudi nyuma hatua nzima, kumbe ni jirani yetu. Amenuna mpaka sasa.

Kwa hiyo nisikilize, dada yangu. Mtu mwenye sura yangu akija mlangoni kwako, au akitokea kwenye simu ya video akilia, akitaka ufungue, utume kitu, au umfuate mahali, usiniamini. Muulize ulinificha wapi siku ile radi ilipong'oa paa. Usimsaidie jibu. Akisema amesahau, akicheka, akikwambia huu si wakati wa hayo, funga mlango, hata kama machozi ni yangu na sauti ni yangu. Nami nikikuona nitakuuliza vivyo hivyo. Usinikasirikie. Na jibu lenyewe usiliandike popote, hata ukinijibu barua hii.

Mama hajui habari ya kupigwa kwangu video. Anajua tu kwamba siku hizi nafunga milango mapema, anasema ni dalili ya kutaka kuolewa.

Msalimie sana shemeji, mbusu Kibonge na wenzake, waambie mama yao mdogo anawapenda na atawaletea midoli isiyopepesa macho. Mama anakuombea uamke salama kila siku, na mimi naitikia amina.

Wako yule yule, kwa sura na kwa moyo,

Mdogo wako.