Chumvi Kwenye Kichupa

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, miwani yako imeshapatikana, na mjukuu wetu Kipepeo anakuchosha kwa maswali. Mimi sijambo, ila goti linapanda ngazi za maabara kwa manung'uniko.

Umeandika kwamba Kipepeo anakunywa ile chai ya majani ya dawa kila asubuhi, na vidonge vyake vya seli mundu umevirudisha kabatini, kwa kuwa kaka yako msomi alikwambia majani yanalinda damu. Mama yake akihoji, unamwambia aje abishane na mimi.

Basi tulia nikueleze, unajua napenda kueleza. Chembe nyekundu ya damu ni kama kifuko laini. Kwenye maji yenye chumvi ya kiasi cha mwilini, hutulia. Ukipunguza chumvi, maji huingia ndani yake, ikavimba, ikapasuka, na kichupa kizima kikawa chekundu. Taabu hiyo tunaipa makusudi, tuone ipi itastahimili. Nilitumia damu yangu mwenyewe. Kichupa kisicho na majani kiligeuka chekundu. Chenye majani, chembe zilishuka chini zikalala salama. Nikakuandikia siku hiyohiyo.

Hapa kazini yupo binti, mtaalamu mpya, tunamwita Kwa Nini. Aliniuliza kwa adabu majani niliyachemshia kwenye maji gani. Nikamjibu ya chumvi, bila shaka. Miaka arobaini sijaruhusu damu iguse maji matupu. Alichukua kichupa kingine, akatia maji yangu yaleyale ya chumvi bila hata jani moja. Chembe zikalala salama vilevile: kumbe mlinzi alikuwa chumvi, si majani. Tulipoyachemsha majani upya na kuhakikisha chumvi ni pungufu sawasawa katika vichupa vyote, zikapasuka zote. Huenda mimea mingine ina viini vya kuzilinda, na watu wanaitafuta. Lakini kutoka kichupani hadi mwilini ni safari ndefu, na haya yetu hata kichupani hayakufaulu.

Sasa lililo gumu. Hayo nimeyajua kwa wiki tatu. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana. Niliona aibu mbele yako, wewe ambaye tangu utotoni unawaambia watu kwamba kaka yako hakosei. Kisha ukaniandikia kwamba Kipepeo analalamika viungo vinamuuma, ukadhani ni baridi. Mimi sidhani ni baridi. Nadhani ni ukimya wangu.

Mama yake nimemweleza yote asubuhi hii. Hakunifokea. Ameketi mkabala nami, mkoba magotini, akingoja nimalize ili akuletee barua mwenyewe. Usibishane naye. Mkabidhi mtoto pamoja na vidonge, waende kliniki leo, waseme viliachwa tangu lini na kwa ushauri wa nani. Usinisitiri. Chai aiache mpaka daktari aseme.

Mpakate Kipepeo kwa niaba yangu. Nisalimie majirani, hasa wale uliowaambia sikosei.

Ni mimi kaka yako,
mzee wa vichupa