Bunduki Niliyoisifu Mbele Yako

Rafiki yangu Nyakundi,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha tuliyoandikiana tangu tulipokuwa askari wa Mwingereza, kwanza kambi moja, kisha wewe yako na mimi yangu. Kwa Ekegusii nimejaribu mara mbili nikashindwa. Kila nikiandika neno la nyumbani nasikia ukinijibu, na kalamu inasimama.

Kwanza habari za kwako. Mkeo Kerubo anaendelea. Ile chai uliyopanda upande wa juu imeanza kuchumwa, na majani ya kwanza alibeba mwenyewe kichwani hadi kituo cha kuuzia chai, akakataa kusaidiwa. Binti yako Moraa amerudi shule. Ngedere nao wamerudi kwenye mahindi yako ya mtoni. Kerubo huwafukuza kwa kupiga debe bovu, nao wanakimbia. Debe linatosha, Nyakundi. Ningeweza kukuambia hivyo wakati ule ulipokuja kuniuliza habari za bunduki.

Mimi mwili ni mzima. Ila nina kinyaa ambacho hakiniishi. Siku hizi nikipita pale dukani kwa Makori na kusikia wakicheka barazani, mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Nazunguka nyuma ya kinu cha kusagia ili wasinione. Nachukia vicheko vyao, nachukia harufu ya yale mafuta wanayopaka bunduki zao, na nachukia kwamba kwa miaka saba kiti cha tatu kutoka mlangoni kilikuwa changu.

Unakumbuka tulivyokaa pale. Kila siku ya soko, watu sita au saba wenye vibali vya bunduki, kuanzia Nyamira hadi huku kwetu, chai ya maziwa mezani, bunduki zimeegemezwa ukutani kama fimbo za wazee. Mmoja ana risasi za ziada, anataka mbegu za viazi. Mwingine anataka kubadilisha mkoba wa ngozi kwa brashi ya kusafishia mtutu. Halafu hadithi za nguruwe mwitu, na kila wiki nguruwe yule yule aliongezeka ukubwa. Ulipopata kibali chako ukaja na shati la kanisani, ukakaa kwenye ukingo wa benchi. Ulikuwa na furaha kama mtu aliyeitwa mezani na wakubwa. Sisi tulikutazama na kila mmoja wetu aliwaza jambo moja: mnunuzi amefika.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukulijua hata ulipokufa.

Ile bunduki ya mitutu miwili uliyouziwa na Ombati pale barazani ilikuwa yangu. Nilikuwa nayo mwaka mzima ulipokuwa bado unafanya kazi Kericho. Ilikuwa na ugonjwa. Ukiweka risasi na kuifunga, mara nyingi ilitulia. Lakini siku nyingine, bila kidole kugusa kifyatuo, mtutu wa kushoto ulilia wenyewe. Mara ya kwanza ilitoboa ukuta wa jikoni kwangu, shubiri moja kutoka mahali mama alipokuwa ameketi akichambua mboga za chinsaga. Nilimpelekea fundi mmoja mjini Kisii, akaifungua, akanionyesha kipande cha chuma ndani kilicholika. Akasema kipande kama hicho hakipatikani, niirudishe polisi wakaiharibu.

Sikuirudisha. Nilifikiri juu ya ile hasara, nikaipaka mafuta, nikampa Ombati. Yeye akanipa mtamba mwekundu. Karatasi zilifuata njia yake polisi, mihuri ikapigwa, kila kitu halali isipokuwa ile habari niliyoimeza.

Ombati aliugundua ugonjwa kabla mwezi haujaisha. Nilingoja aje kwangu kwa hasira. Alikuja barazani akicheka. Akaketi, akawaambia wote kwamba bunduki yangu huongea bila kuulizwa, na wote wakacheka, mimi nikiwa mmoja wao. Hakutaka mtamba wake arudi. Alisema tu kwamba ataitafutia nyumba. Tangu siku hiyo ikawa mchezo wetu. Mtu mgeni akija barazani, mmoja wetu atauliza kama yule msemaji wa Ombati amepata nyumba.

Ndipo ukaja wewe na shati lako la kanisani.

Ombati aliiweka mikononi mwako na kukuambia kwamba mti wa kitako chake ni wa zamani, siku hizi hawatengenezi kama huo, na mwenyewe anaachana nayo kwa machungu. Makori akaongeza, kwa uso mkavu, kwamba hiyo huongea bila kuulizwa. Baraza lote likacheka. Wewe ukacheka zaidi ya wote, Nyakundi, ukidhani ni sifa. Kisha ukanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye uliyeniamini.

"Wewe wasemaje?"

Nikasema, "Ni bunduki nzuri."

Maneno matatu tu. Nimejaribu kujidanganya kwamba niliogopa kumwaibisha Ombati mbele ya watu. Siyo kweli. Niliogopa utaniuliza nilijuaje. Ningelazimika kukuambia juu ya yule mtamba, ambaye wakati huo alikuwa ameshazaa.

Mchana ule ule tulikwenda kwako kusherehekea. Kerubo alipika obokima, ule ugali wake wa wimbi, na kuku, akanimiminia mchuzi mara mbili, akakuambia umefanya vyema kumsikiliza rafiki yako. Nilikula nikashiba. Nilinawa mikono kwenye beseni aliyonishikia.

Wiki saba ile bunduki ilitulia mikononi mwako. Wewe uliishika kama tulivyofundishwa jeshini, hukuielekeza kwa mtu, hukuiacha na risasi ndani. Wale wengine walikuwa wakiuliza barazani, kwa macho ya kuchezeana, kama msemaji anakaa vizuri. Nilikuwa najibu kwamba anakaa vizuri.

Asubuhi ile nilikuwa nakata majani ya ng'ombe niliposikia mlio mmoja kutoka mtoni. Nilijua kabla sijasikia kelele. Nilikimbia nikakukuta chini, mgongo kwenye lile jiwe ulilokuwa umekalia, paja lako la kushoto limefunguka. Nililifunga kwa mkanda wangu. Damu haikujali mkanda. Watu walipokuja tulikubeba juu ya mlango wa boma la mbuzi, tukapanda nawe kilima kuelekea barabarani, wanaume sita tukipokezana, na njia yote ulinishika mkono.

"Sikugusa kifyatuo," ulisema. "Niliifunga tu. Mwambie Kerubo sikuwa mzembe."

Nilisema nitamwambia. Ulisema tena, na mara ya tatu hukumaliza. Hatukuifikia barabara.

Ninayokueleza sasa ndiyo yananinyima usingizi kuliko damu yako. Tulipokuweka chini pale njiani na kukufunika kwa koti, Ombati alifika na baiskeli. Alivua kofia. Alisema pole. Halafu akanivuta pembeni, kando ya migomba, na swali lake la kwanza lilikuwa bunduki iko wapi.

Polisi waliichukua. Kufikia jioni ya siku iliyofuata, wenzetu walikuwa wameshakubaliana juu ya kifo chako: uliteleza kwenye tope, kidole chako kikiwa mahali kisipotakiwa kuwa. Walilisema hilo kwa upole, wakitikisa vichwa, kwamba mzee wa watu alikuwa mgeni wa silaha. Wewe, uliyenifundisha mimi kufungua bunduki na kuifunga nikiwa nimefumba macho! Ofisa wa polisi aliponiuliza nilichokikuta, nikasema ilionekana umeteleza. Nilitia sahihi.

Siku ya mazishi yako walikuja wote na makoti meusi. Kwaya ya kanisa lenu ikiimba kaburini, wao walikuwa wamesimama nyuma ya jikoni. Nilikwenda kusimama nao kwa mazoea, miguu ilinipeleka yenyewe. Walikuwa wanazungumzia nani achukue risasi zako zilizobaki. Mmoja alisema ule mkoba wako wa ngozi bado mpya. Makori alisema mjane hana haja na vitu hivyo. Mchungaji alikuwa bado anaomba. Nilitazama midomo yao ikitembea, nikatazama viatu vyao vilivyopigwa rangi, nikaona kwamba viatu vyangu pia vilipigwa rangi. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika. Mama mmoja alinipa maji akisema ni uchungu wa rafiki. Nilimshukuru.

Hata hapo sikusema. Ujue hivyo. Nilinyamaza miezi mitatu mingine.

Kilichonifungua mdomo ni karatasi. Ombati alimletea Kerubo barua iliyopigwa taipu kwa Kiingereza, akamwambia aweke sahihi ili bunduki itolewe polisi na yeye aichukue, amwondolee mzigo. Kerubo husoma Biblia ya Ekegusii vizuri kuliko mimi, lakini Kiingereza hakijui. Alisema atamwonyesha kwanza rafiki wa mume wake. Ombati akamwambia hakuna shida, rafiki wa mumewe anajua yote.

Siku ya soko nikaenda barazani kumuuliza Ombati anaitakia nini. Sikuhitaji kuuliza. Alikuwepo mwalimu kijana kutoka Suneka, kibali chake bado kinanukia wino, nguruwe wamemmalizia viazi vitamu. Ombati alikuwa anamweleza kwamba iko moja inakuja, mti wa kitako chake ni wa zamani, siku hizi hawatengenezi kama huo. Makori akasema, kwa uso ule ule mkavu, kwamba hiyo huongea bila kuulizwa. Wakacheka. Yule mwalimu akacheka nao. Wewe ulikuwa hujamaliza hata msimu mmoja wa mahindi chini ya udongo.

Nilisimama. Sauti ilitoka ndogo, si kama nilivyoitaka.

"Mwalimu, hiyo bunduki imeua mtu. Hufyatuka ukiifunga. Ilikuwa yangu. Wote hapa wanajua."

Hakuna aliyecheka. Makori alianza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. Ombati akaniambia polepole, kama anayemsemesha mgonjwa, nikumbuke ni nani aliyeitoa nyumbani kwanza. Nikamwambia nakumbuka kila siku. Mwalimu alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Sijui kama alinishukuru au alinidharau pamoja nao. Alikuwa na haki ya vyote viwili.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Kerubo. Alikuwa anakoboa mahindi uani. Nilikataa kiti. Nilimwambia yote: ukuta wa jikoni, fundi, mtamba, kicheko, na yale maneno matatu. Nikampa na ujumbe wako, kwamba hukuwa mzembe. Aliendelea kukoboa mpaka gunzi likawa tupu, akaliweka chini.

"Miezi mitatu nimemlaumu," alisema. "Nimemlalamikia Mungu kwamba mume wangu alikuwa mzembe, ameniacha kwa uzembe. Nawe ulikuwa unakuja hapa unakunywa chai."

Akaniambia niondoke, na nirudi kesho yake saa mbili asubuhi nikiwa nimevaa viatu, twende polisi.

Tulikwenda kwa miguu hadi Nyamira, yeye mbele, mimi hatua kumi nyuma kama alivyotaka. Njia nzima hakugeuka. Nilieleza upya, nikairarua kwa mdomo wangu ile habari ya kuteleza. Ofisa alileta bunduki, akaijaribu bila risasi, akaifunga na kuifungua, akaifunga na kuifungua. Mara ya tisa tulisikia kile kipande cha chuma cha ndani kikigonga chenyewe. Kerubo alishtuka akashika meza. Kisha akauliza kama sasa itaandikwa kwamba mumewe hakuwa mzembe. Ofisa akasema hakimu wa Kisii ndiye atakayeamua, lakini yeye ataandika alichokisikia.

Bunduki yangu nyingine nimeirudisha pamoja na kibali. Yule mtamba, sasa ni ng'ombe mwenye ndama wawili, nilimpelekea Kerubo. Alinirudisha naye njiani. Alisema hataki maziwa yake yaingie kwa watoto wako. Alifanya sawa. Mimi pia siyanywi tena, na sijui nimfanye nini mnyama asiye na kosa.

Usidhani kwamba nimetakasika. Wanaposema kwamba nimewasaliti wenzangu nasikia raha kidogo, na hiyo raha nayo inanitia kinyaa. Moraa hunisalimia njiani kama zamani kwa sababu mama yake bado hajamwambia. Siku atakapoambiwa sitajificha.

Nakuaga hapa, Nyakundi. Lala. Sitakuomba msamaha kwa barua, kwa sababu huwezi kukataa, na anayeombwa lazima aweze kukataa. Nakuahidi jambo moja nililo na uwezo nalo. Jumatatu tunaitwa mbele ya hakimu. Ombati amekwisha kutuma watu wawili kwangu, mmoja kwa maneno matamu na mwingine kwa vitisho. Nitakwenda. Nitataja jina la Ombati, na la Makori, na majina ya wote waliocheka. Lakini nitaanza na langu.

Rafiki yako, kama jina hilo bado ni langu,

Momanyi