Radhi ya Mama Tuba

Lyon, 14 Mei 1960

Mama mpenzi,

Allahu Abha. Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na dawa za daktari unazinywa badala ya kuzificha nyuma ya saa ya ukutani. Mimi mzima, ila nimekonda. Wafaransa wali hawaujui.

Mama, kaa kitako kwanza. Nimepata mchumba. Anaitwa Odile, anafundisha watoto piano, ni binti wa Bwana Vernay ambaye nyumbani kwake ndiko waumini tunakokutana kusali. Ni mpole, lakini akicheka jirani wa tatu anasikia. Juzi nilimpikia wali, ukoko ukaungua wote, akaula na kuomba mwingine.

Wazazi wake wote wawili wamekwisha ridhia. Kwa kuwa baba ametangulia, umebaki wewe peke yako, na unajua katika imani yetu hakuna ndoa bila radhi ya mzazi, hata watu wapendane vipi. Nakuomba uiandike kwa mkono wako na uitume upesi. Mengine nitakueleza baadaye.

Mwanao,
Heshmat

Shiraz, 6 Juni 1960

Mwanangu Heshmat,

Allahu Abha. Goti halijambo, linanisumbua asubuhi tu. Dawa nazinywa. Usinichunge kama mkwe.

Barua yako niliisoma nimesimama, makusudi. Nikalia, nikacheka, nikamwita jirani yetu Qodsieh aje aisome, naye akalia kuliko mimi, ungedhani anaolewa yeye. Piano sijui itasaidia nini jikoni, lakini msichana aliyekula ukoko wako ulioungua na kuomba mwingine, huyo anakupenda kweli. Radhi yangu nimeiandika kwenye karatasi yake peke yake na kuifunga humu. Nimeitoa kwa moyo mweupe.

Kuna jambo moja. Tangu Mlezi wa imani yetu afariki London, karibu miaka mitatu sasa, bila mtoto wala wasia, tumekuwa yatima tunaoongozwa na wale wazee aliowateua. Sasa kwenye Karamu ya waumini tumesomewa kwamba mmoja wao amejitangaza mrithi, wenzake wote wamemkataa, na huko Ufaransa wapo waliomfuata. Wanaomfuata watatengwa: hakuna salamu, hakuna barua, hata wawe mzazi na mwanawe. Baba yako walimchomea nyumba mwaka ule kuba la makao yetu ya Tehran lilipobomolewa, na hakuyumba. Sina wasiwasi nawe. Kaa mbali nao tu.

Mama yako,
Tuba

Lyon, 25 Juni 1960

Mama mpenzi,

Allahu Abha. Shikamoo. Radhi imefika, nimeibusu. Harusi tumeipanga Septemba.

Sasa nikuambie nilichonyamaza. Mimi ni mmoja wa hao waliomfuata yule mzee. Niliweka sahihi ya kumkubali mwezi wa nne, kabla sijakuandikia habari za Odile. Baba yake ndiye anayetuongoza hapa. Sikulaghaiwa na mtu, mama. Tangu utoto umenifundisha kwamba daima tutakuwa na Mlezi, atakayefuatwa na mwingine. Leo wale wazee wengine wanasema mlango umefungwa, basi. Mimi nimeshindwa kuamini kwamba ahadi ile inaweza kukatika hivi hivi.

Nilijua ukishasikia hutaruhusiwa kuniandikia, ndiyo maana niliomba radhi kwanza. Nakuambia wewe peke yako. Usimwambie mtu mpaka nije tukae tuzungumze, uso kwa uso.

Mwanao,
Heshmat

Shiraz, 19 Julai 1960

Heshmat,

Salamu yetu ya Allahu Abha sikupi.

Jina lako halijatangazwa bado kati ya waliotengwa, ndiyo maana naweza kushika kalamu. Barua yako nimeipeleka kwenye Baraza la waumini mwenyewe, kwa miguu yangu. Usije ukamsingizia Qodsieh. Nimekusema mimi.

Usinifundishe habari za Mlezi. Kama ungekuwa umepotea tu, ningekuombea kama anavyoombewa mgonjwa. Lakini ulikaa kwenye meza, ukijua kwamba ukisema kweli kinywa changu kitafungwa, ukaandika "Mama mpenzi." Ukaniuliza goti. Ukanichekesha na ukoko. Nami nikaita jirani kama mjinga. Ulikuwa umekwisha kuondoka, mwanangu, na bado ukanyoosha mkono upewe baraka. Umati uliotuchomea nyumba haukunifanyia hivyo. Wale niliwajua ni adui.

Radhi ile nilimpa mtu niliyemdhani. Karatasi unayo wewe, na mikono yangu haifiki Lyon kuichana. Sheria unaijua, nimekufundisha mimi. Kama unaweza kuoa kwa karatasi hiyo, oa.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho. Yoyote itakayokuja sitaifungua.

Tuba, mjane wa Ziaullah

Lyon, 16 Machi 1961

Mama,

Allahu Abha, hata usipoitikia. Shikamoo. Mwaka wetu mpya wa Machi unaingia, nami sijui hata kama u mzima.

Barua yangu ya Novemba ilirudi haijafunguliwa, na juu yake mwandiko wako: "Irudi kwa mwenyewe." Nilikasirika sana. Nilikuambia siri wewe peke yako, ukaipeleka Barazani, na watu walionibeba mgongoni leo hawataki kunijua. Limeniuma na bado linauma. Kuhusu yule mzee sijabadilika. Siwezi kusema uongo mwingine ili nipate barua.

Sijaoa. Bwana Vernay alisema karatasi ina sahihi yako, yatosha. Siku ya ndoa watu walikuja, maua yakaletwa, akanipa niisome kwa sauti. Uliandika: "Nampa radhi mwanangu Heshmat, ambaye hajapata kunificha kitu." Nilishindwa kumaliza. Odile aliichukua mkononi mwangu, akaikunja, akawaambia watu waende nyumbani. Amengoja majira yote ya baridi, bila kunilaumu hata siku moja. Juzi nimemwambia asingoje tena.

Radhi yako nimeifunga humu. Nilikwisha andika anwani yangu nyuma ya bahasha, kama kawaida. Ndipo nikafahamu: hutaifungua, utairudisha, na radhi itanirudia mkononi kana kwamba umenipa mara ya pili, nawe hujui umetoa nini. Ningekuwa nimekuibia mara mbili kwa karatasi moja.

Nimetafuta bahasha nyingine. Hii ina anwani yako tu, nyuma sijaandika kitu.

Mwanao,
Heshmat