Sentensi Moja ya Kurudi Avenyu ya Nane

CHAMA CHA MAJIRANI WA ZAMANI WA AVENYU YA NANE, KAMENGE
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumamosi, 14 Septemba 2002
Mahali: Jabe, nyumbani kwa Mwenyekiti, nyuma ya soko

Waliohudhuria:
Bi. Caritas, Mwenyekiti
Bi. Danielle, Katibu
Bw. Népomuscène, Mtunza hazina
Bi. Ernestine (Mama Candide), Mjumbe
Bi. Asiya, mjane wa marehemu Amissi, Mjumbe
Mwalimu Régis wa Kiingereza, Mgeni mwalikwa

Hakuhudhuria: Bw. Callixte, ambaye jana alisema atakuja bila kukosa.

KUMB. NA. 1/09/2002: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tatu asubuhi kwa sala fupi. Bi. Asiya aliomba dua yake kimya. Bw. Népomuscène alilalamika kwamba viti havitoshi, akapewa kreti ya bia, akalalamikia kreti.

KUMB. NA. 2/09/2002: SABABU YA KUITANA
Mwenyekiti alieleza kwamba shirika la wafadhili lenye ofisi Rohero limekubali kujenga upya nyumba zetu zilizobomolewa mwaka 1995. Nyumba hizo ni pacha, mbili mbili kwa ukuta mmoja wa katikati, na shirika halijengi nusu. Majirani wote wawili lazima waahidi kwa maandishi kwamba watarudi kuishi humo. Mkuu wa shirika hajui Kifaransa, kwa hiyo ahadi iwe sentensi moja ya Kiingereza, imfikie Jumatatu asubuhi. Ambao bado hawajaandika ahadi yao ni Bi. Ernestine na Bi. Asiya peke yao.

Bi. Ernestine alikumbusha kwamba yeye na watoto wake bado wanalala kambini chini ya shitingi, yaani turubai la plastiki, na mvua ndiyo hiyo inaanza. Bi. Asiya yeye amepanga chumba hapa Jabe.

Katibu aliuliza kwa nini tusinakili sentensi ya majirani wengine, twende nyumbani. Mwalimu Régis alijibu kwamba ameziona zote na hakuna inayofanana na nyingine.

KUMB. NA. 3/09/2002: MAELEZO YA MWALIMU
Mwalimu alieleza kwamba Kiingereza hakina wakati ujao mmoja. Aliombwa arudie. Alirudia, safari hii akiandika nyuma ya kalenda njia tatu za kusema “tutarudi”. “We will return” ni ya mtu anayetoa ahadi. “We are going to return” ni ya mwenye nia ya tangu zamani. “We are returning” ni ya jambo lililokwisha kupangwa, kama msafiri mwenye tiketi mfukoni.

Bw. Népomuscène aliuliza kama Waingereza hawaaminiani. Mwalimu alijibu kwamba hilo halimo kwenye programu ya shule.

Bi. Ernestine alisema hata Kirundi kina mbili, ya sasa hivi na ya baadaye, na kwamba mgeni akikuambia “nzoza”, yaani nitakuja siku moja, usimpikie. Mwenyekiti alisema Kiswahili kina moja tu, na kwa hiyo moja tumekosana vizuri miaka yote. Bw. Népomuscène, aliyekuwa mkimbizi Tanzania, alisema kule kanisani alisikia “shall”. Mwalimu alikunywa maji kwanza, kisha akasema “shall” ni “will” iliyovaa tai. Kikao hakikuelewa. Katibu naye hakuelewa, na anaandika hivyo ili asije akalaumiwa.

KUMB. NA. 4/09/2002: MJADALA
Bi. Ernestine alipendekeza “will”. Bi. Asiya alikataa, akisema Mwislamu haahidi kesho bila Inshallah. Ilipendekezwa Inshallah iongezwe. Mwalimu alitahadharisha kwamba mfadhili anaweza kufikiri hatuna hakika.

Bw. Népomuscène alisema: “Kwani tuko nayo? Hakika ya mwisho muliiona lini, jamani?”

Ilipendekezwa “going to”. Bi. Asiya alisema nia ya tangu zamani hana. Ilipendekezwa “are returning”. Alisema hakuna kilichopangwa, ukuta wenyewe uko chini. Mwalimu alijaribu kuonyesha kwamba wakati mwingine zote tatu huweza kusimama mahali pamoja, akachora mishale, akafuta, akachora tena. Mwishowe alisema sasa hata yeye hana hakika alichofundisha wiki iliyopita. Mwenyekiti alikasirika na kusema kwamba chai inapoa.

Hapo Bi. Ernestine alisimama. Maneno yake yanaandikwa kama yalivyotoka: “Dada Asiya, hii si mambo ya Kingereza. Tuache mwalimu apumuzike. We unarudi ao aurudi?”

KUMB. NA. 5/09/2002: UKUTA (haukuwa kwenye ajenda)
Bi. Asiya alieleza yafuatayo. Zamani yeye na Bi. Ernestine walikuwa wakigongeana ukuta wa katikati kuombana chumvi na makaa. Aliyegongewa naye hugonga, mwenzake ajue amesikia. Asubuhi ile ya 1995, watu wenye bunduki walipoingia avenyu, Bi. Asiya aligonga. Upande wa pili ulikuwa kimya.

Bi. Ernestine alisema: “Nilisikia. Candide alikuwa analia, nikamufunga kinywa na mukono. Niliogopa nikikufungulia, watakufuata mpaka kwangu.” Aliongeza kwamba tangu siku hiyo anaona aibu kumtazama Bi. Asiya usoni, kwa kuwa jirani aliomba mlango naye akamnyima.

Bi. Asiya alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha inayosemwa. Akajibu: “Mlango gani? Mi sikuomba kuingia. Nilikuwa nakuambia mukimbie! Ukanyamaza, nikasema moyoni ujasikia, nikagonga tena. Nikagonga tena. Amissi alikuwa ameshafika kwenye kona. Akarudi kunivuta.”

Mwenyekiti aliuliza kisha ikawaje. Katibu alimkanyaga mguu chini ya meza, na haombi radhi kwa hilo, kwa sababu sote tunajua kwamba marehemu Amissi hakufika tena kwenye kona.

Bi. Asiya alisema hana ugomvi na mtu. Ila hawezi kulala ukuta ule ukiwa kichwani pake, na kwa hiyo sentensi yoyote itakayoandikwa itakuwa uongo. Bi. Ernestine alifunika uso kwa kanga. Kumbukumbu hazina mahali pa huzuni, lakini ilikuwapo, na Bw. Népomuscène aliacha kulalamika.

KUMB. NA. 6/09/2002: UAMUZI
Bi. Ernestine alisema hatamrudisha mtu kwenye msiba wake kwa ajili ya paa. Aliomba majina yao yaondolewe, heri shitingi. Mwenyekiti alimwagiza Katibu ayafute. Katibu alichukua kalamu, na anakiri kwamba hakuharakisha.

Bi. Asiya alimshika Katibu mkono, akasema: “Usifute. Hapa Jabe nikigonga ukuta, wanasema ni panya.” Kisha akamgeukia Bi. Ernestine: “We ulijua ni mi.”

Mwenyekiti aliuliza kama hiyo ni ndiyo. Bi. Asiya alijibu: “Sijui, mama. Leta kalamu.”

Mwalimu Régis aliuliza basi aandike ipi. Aliambiwa aandike yoyote. Aliandika mojawapo, Katibu hakuangalia ipi, na wanawake wote wawili wakatia saini chini yake, Bi. Asiya kwanza.

KUMB. NA. 7/09/2002: KUFUNGA
Mwenyekiti aliuliza kama kuna mengineyo. Kikao kilifungwa saa sita na robo mchana, na chai ikanywewa hivyo hivyo baridi.

Caritas (saini)
MWENYEKITI

Danielle (saini)
KATIBU